Arobaini ya Mwalimu Harithi

Uwanja wa marehemu Mwalimu Harithi pale Matambarale ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake walikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya pilau, na wote walikuwa wameombwa wanyamaze. Dua ya arobaini ilikuwa imekwisha. Shaibu, mtoto mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa mazao kule Nachingwea, alisimama na kipaza sauti mkononi. Alisema kuwa baba yao alirekodiwa akisoma Yasini wiki chache kabla hajafariki, na familia imeona waliokuja wasiondoke bila kuisikia sauti yake.

Mwanamke mmoja alianza kulia hata kabla kitu chochote hakijasikika. Shaibu akatoa mfukoni kimashine kidogo cha kusikilizia muziki, chenye kioo kidogo kama sanduku la kiberiti na vitufe pembeni, kile ambacho watu wengi wanakiita emupifoo. Akachomeka waya wa spika, akabonyeza.

Spika zikatoa mlio wa gemu.

Ti-ri-ri, ti-ri-ri, kama kengele za baiskeli zinazokimbizana. Halafu kitu kikaruka, pyuu, pyuu, kikaanguka shimoni kwa mlio mrefu wa kuzomea, na ti-ri-ri ikaanza upya. Spika zilikuwa zile za harusini, zimekodiwa Ruangwa mjini. Mlio ulifika mpaka barabarani. Sheikh aliyekuwa ameinamisha kichwa kusubiri Yasini alikiinua taratibu, akaangalia spika, kisha akamwangalia Shaibu. Shaibu alibonyeza kitufe kimoja, kijitu kikaruka tena. Akabonyeza kingine, sauti ikaongezeka.

Nyuma ya nyumba, Nasma, mke wa Nurdini, mtoto wa pili wa marehemu, alikuwa na sahani ya pilau mkononi. Aliiachia. Alikimbia akizunguka nyumba, akapita katikati ya wanaume, kanga ya kichwani ikaangukia bega la mtu, naye hakusimama kuiokota. Alimpokonya Shaibu kimashine, akabana vitufe viwili kwa pamoja mpaka kioo kikawa cheusi.

Hapo ndipo watu waliposhtuka zaidi. Mlio ulipokuwepo kila mtu alidhani ni hitilafu. Sasa waliona kuna mtu anayejua namna ya kuuzima.

"Umejuaje?" Shaibu aliuliza. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, maneno yakatoka kwenye spika.

Nasma alikuwa anatafuta kanga yake kwa macho.

"Wewe ndiye unayewaingizia watu nyimbo pale sokoni. Humu umeingiza nini?"

"Gemu, shemeji."

"Gemu. Kwenye Kurani ya baba."

"Shaibu, mwanangu, tulia," alisema sheikh.

Lakini Shaibu alikwishachukua kimashine kutoka mkononi mwa Nasma. Alikiweka juu ya jiwe lililoshikilia kamba ya turubai, akainama kuokota jiwe jingine.

"Usivunje!" Nasma alipiga kelele. "Shemeji, sauti ya baba imo humo humo! Usivunje!"

Shaibu alipiga. Alipiga tena, na tena, mpaka vipande vikaruka kwenye mkeka. Hakuyasikia maneno yale, au aliyasikia akadhani mwanamke anatetea mali yake. Nurdini alikuwa amesimama hatua chache pembeni, ameshika birika na beseni la kunawishia wageni mikono. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwake.

Watu waliondoka kabla ya pilau kwisha, jambo ambalo halijatokea Matambarale kwenye arobaini ya mtu yeyote.

*

Katika nyumba ile kila mtu alimjua Mwalimu Harithi kuwa ni adui wa gemu. Alifundisha madrasa tangu ujana wake, na miaka ya karibuni, kibanda cha gemu kilipofunguliwa karibu na mashine ya kusaga, ni yeye aliyekwenda kwa mtendaji mpaka kikafungwa. "Ni kula umri," alikuwa akisema. "Mtoto anaingia na jua, anatoka na giza, na hana alichokipata."

Kisha akapooza upande wa kulia. Muuguzi wa hospitali alimpa mpira wa matambara awe anaubonyeza ili vidole vipate nguvu. Mzee aliubonyeza kwa siku mbili, akautupa uvunguni. Alikuwa mtu aliyezoea kushika kalamu na kitabu, na ule mpira ulimfanya ajione mtoto mchanga. Mkono ukazidi kulegea.

Nasma ndiye aliyemletea kile kimashine. Kililetwa sokoni Ruangwa, kwenye meza yake ya kutengenezea simu na kuingizia watu nyimbo, na mteja aliyeshindwa kukitengeneza, naye akakinunua, akakifufua, akamwekea baba mkwe wake sura zote za Kurani na visikizio vya kuweka masikioni. Akaona jambo. Kidole gumba cha mkono ule uliolala kilikuwa kinatafuta vitufe. Mzee alitaka kuchagua sura mwenyewe.

Zipo programu ambazo watu wa mbali huko wanazitengeneza na kuzigawa bure, zinazokifanya kimashine cha muziki kijifanye ile mashine ya zamani ya gemu za kaseti, zile zilizokuwa zinachomekwa kwenye televisheni. Nasma alikuwa ameshawawekea vijana kadhaa wa sokoni. Aliwaza siku nzima, anaogopa. Kesho yake alikaa pembeni ya kitanda cha mzee, akamwonyesha.

"Huyu kijitu anakwenda wapi?" Mwalimu aliuliza. Ulimi wake ulikuwa bado mzito.

"Anavuka mto, baba. Ukibonyeza hapa anaruka."

"Na akianguka?"

"Anaanza upya."

Mzee alikitazama kioo kwa muda mrefu. Nasma alijiandaa kufukuzwa.

"Lete," akasema.

Tangu hapo, wageni waliokuja kumjulia hali walimkuta Mwalimu ameegemea mto, visikizio masikioni, macho chini, midomo inacheza. Walipunguza sauti. Mzee mmoja kutoka mtaa wa pili alitoka chumbani akifuta machozi, akasema Mwalimu anatuaga na Kurani masikioni. Nasma alikuwa mlangoni na trei ya chai, akainama ili uso wake usionekane.

Kidole kiliamka. Vikafuata na vingine, mpaka asubuhi moja mzee akafunga mwenyewe vifungo vya kanzu. Ulimi nao ukafunguka kidogo, na ndipo alipomwomba Nasma amrekodi akisoma Yasini. Lakini siku ile ile alimshika mkono. "Mwanangu, hili la kijitu liishie hapa kwetu wawili. Watu nimewakataza. Hata mumeo usimwambie."

"Simwambii, baba."

Alikufa mwezi uliofuata, baada ya kiharusi cha pili, na kimashine kikakaa kwenye mfuko wa kanzu yake hadi Shaibu alipokwenda kukichukua asubuhi ya arobaini, akakichaji bila kujua kuwa kikiwashwa kinarudia kilichochezwa mwisho. Nasma alikuwa nyuma kwenye moto. Hakuna aliyemwambia.

*

Kikao kilifanyika kesho yake sebuleni. Bi Saada, mjane wa marehemu, alikuwa kwenye eda katika chumba cha pembeni, na kati yake na kikao kulikuwa na pazia tu. Nasma aliambiwa akae chini, ingawa kiti kilikuwepo.

"Tunataka kujua," Shaibu alisema. "Ulikuwa na nia gani? Mzee amelala hawezi kujitetea, wewe unachukua kitu chake cha ibada unakitia upuuzi wa sokoni?"

"Niliweka, shemeji. Sikatai."

"Kwa ajili ya nani? Wewe? Unachezea gemu kwenye kitanda cha mgonjwa?"

Nasma aliangalia pazia. Halikutikisika. Alimwangalia mumewe. Nurdini alikuwa anang'oa uzi kwenye mkeka.

"Niliweka," alirudia.

"Unaona?" Shaibu alimgeukia mdogo wake. "Hata aibu hana. Mimi leo asubuhi nimepigiwa simu kutoka Nachingwea na mtu nisiyemjua, ananiuliza kama ni kweli kwetu arobaini imepigwa disko. Disko, Nurdini! Watu wanaigiza ule mlio kwenye vijiwe. Huyu arudi kwao mpaka tutakapojua la kufanya."

"Nenda kwanza kwa mjomba wako," Nurdini alimwambia mkewe bila kuinua macho. "Watu wapoe."

Nasma hakuamini alichokisikia. Alisubiri sentensi nyingine ifuate, hata swali moja. Halikuja. Alipoingia chumbani kufunga nguo, alipita mbele ya pazia la mama mkwe wake, akasema, "Mama, naondoka."

Kutoka ndani alisikia mtu anavuta pumzi.

*

Kwao Nasma ni Chiola, upande wa Nachingwea, na mwenye sauti juu yake ni Isihaka, kaka wa mama yake. Ulikuwa wakati wa ufuta. Mjomba Isihaka alikuwa uwanjani anapura na wapwa zake alipomwona Nasma anashuka kwenye pikipiki na begi.

"Umekuja kusalimia?"

"Nimerudishwa, mjomba."

Isihaka aliweka fimbo chini. "Nani aliyekuleta? Mshenga yuko wapi? Mumeo yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Mimi nilikutoa hapa mbele ya watu, wamekaa wamekula. Leo unarudi peke yako na begi? Umefanya nini?"

"Nimeweka gemu kwenye kimashine cha baba mkwe."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo hivyo, mjomba. Zaidi ya hapo sisemi."

Isihaka alimkazia macho, akaona hatapata kitu. Alimlea, alimjua. Alimpa fimbo ya kupuria. Nasma akapura ufuta kwa siku zile zote, na kila jirani aliyepita aliuliza habari za nyumbani kwake kwa sauti ambayo ilikuwa inajua tayari. Msichana mmoja alimpita kisimani akiimba chini chini, ti-ri-ri. Nasma alitua ndoo, akakaa pembeni mpaka yule msichana alipomaliza kuchota.

Meza yake ya sokoni ilibaki imefunikwa. Simu yake haikuita.

*

Ijumaa asubuhi pikipiki ilisimama uwanjani kwa Isihaka, na waliokuwa wanapura wakaacha fimbo hewani. Nyuma ya dereva alikuwa amekaa mwanamke mzee aliyejifunika nguo za eda kuanzia utosini.

"Astaghafiru," alisema Isihaka. "Huyu si mjane wa Mwalimu?"

Alikuwa Bi Saada. Mwanamke aliyefiwa, eda yake haijafika hata nusu, amevuka wilaya nzima juu ya pikipiki. Wanawake wa pale walitoka majikoni, wakasimama kama waliopigwa ganzi. Nasma alikimbia kumpokea, mikono imejaa vumbi la ufuta.

"Mama! Kuna nini? Nani mwingine amekufa?"

"Hajafa mtu. Nipe maji."

Hajamaliza kunywa, pikipiki nyingine mbili ziliingia. Ya kwanza ilimleta Nurdini, ya pili Shaibu, uso umemvimba kwa hasira na upepo.

"Mama, unavunja eda!" Shaibu alisema hata hajashuka. "Mama, twende nyumbani. Watu watasema nini?"

"Kaa chini."

"Mama..."

"Nimekwambia kaa chini, Shaibu. Na wewe Nurdini. Isihaka, nisamehe, nimeingia kwako bila hodi. Nimekuja kusema jambo, na nitalisema mbele ya huyu niliyemkosea."

Waliketi kwenye turubai la ufuta, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Bi Saada alibaki amesimama, amemshika Nasma bega. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, Kimwera kikimvuta kila alipopata taabu ya neno.

"Hii gemu, mume wangu ndiye alikuwa anacheza."

Kuku walikuwa wanadonoa ufuta na hakuna aliyewafukuza.

"Mama, huzuni imekuzidi," Shaibu alisema kwa upole wa kutisha.

"Haijanizidi. Alikuwa anacheza kila siku, huyu akienda sokoni. Na mimi nilikuwa nacheza naye."

Nasma aligeuka kumtazama. Ni yeye aliyeshtuka kuliko wote. Muda wote ule alikuwa anaamini siri ilikuwa ya watu wawili.

"Mkono wake ulikuwa unachoka," Bi Saada aliendelea. "Akaniambia, mama Shaibu, shika upande huu. Mimi naendesha kijitu, yeye anarusha. Sikio moja la waya langu, moja lake. Akaniambia nisimwambie mtu, hata Nasma. Kumbe na Nasma alimwambia hivyo hivyo." Alimshika Shaibu mkono wa kulia, akaukunjua, akaweka kidole gumba chake juu ya kiganja cha mwanawe, akakibonyeza. "Yeye hapa. Mimi hapa. Tukianguka tunalaumiana. Tukivuka, anacheka."

"Nani anacheka?"

"Baba yako."

"Baba alikuwa anacheka?"

"Anacheka mpaka machozi yanatoka. Naweka mkono mdomoni mwake, wageni wasisikie."

Shaibu alikiangalia kiganja chake. Mdomo ulikuwa wazi. Mtu aliyezoea kuamuru vibarua na madereva alikuwa amekaa juu ya ufuta wa watu kama mtoto aliyeambiwa nyumba yao imeungua.

"Mimi sijawahi kumsikia baba akicheka," alisema. "Hata siku moja. Umri wangu wote."

Akainua macho. "Na ile Yasini? Nakala yake iko wapi?"

"Ilikuwa humo humo, shemeji," alisema Nasma. "Nilikwambia."

Shaibu aliinuka ghafla, akaenda nyuma ya ghala. Walimsikia akilia. Hakuna aliyemfuata.

Bi Saada akamgeukia Nasma. "Wewe sasa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia yote. Nilikusikia unaniaga. Nilitaka kutoka. Nikasema moyoni, huyu bado kijana, aibu yake itakwisha. Ya marehemu haiwezi kwisha, hayupo wa kuitetea. Nikaona afadhali uaibike wewe. Nimekaa na hilo, chakula hakipiti. Usiniambie nimesamehewa. Nimekuja kusema tu."

Hasira ilimpanda Nasma mpaka masikioni, na hapo hapo akaona namna miguu ya mama mkwe wake inavyotetemeka kwa safari. Alivuta kigoda, akamkalisha. Alichoweza kufanya kwa wakati ule ni hicho.

Isihaka alikohoa. "Nurdini."

"Naam, mjomba."

"Mkeo mlimtoa kwa maneno mbele ya watu. Mtamchukua kwa maneno mbele ya watu. Mkisemea hapa kwenye ufuta wangu, mimi sijasikia."

*

Baada ya sala ya Ijumaa iliyofuata, watu walipokuwa wanataka kutoka msikitini Matambarale, Shaibu aliomba nafasi. Alisema bila kipaza sauti. Alisema kilichosikika kwenye arobaini kilikuwa cha baba yake mwenyewe, kwamba alikuwa anakitumia kuuamsha mkono wake na alikuwa anakifurahia. Alisema shemeji yake hana kosa, na kwamba yeye Shaibu ndiye aliyeivunja sauti ya baba yake kwa jiwe baada ya kuambiwa asivunje.

Wazee wawili walitoka kabla hajamaliza. Wengine walibaki wamekodoa macho. Yule mzee wa mtaa wa pili, aliyelia chumbani kwa mgonjwa, alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mwalimu?" alisema. "Mwalimu Harithi huyu huyu?" Sheikh alifunga kwa dua fupi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikosea kutaja jina la marehemu, akarudia.

Nurdini alikwenda Chiola siku iliyofuata pamoja na mshenga. Isihaka alisikiliza yaliyosemwa msikitini, akauliza mara mbili nani alikuwepo, akaridhika. Nasma alifunga begi lake. Mshenga alitangulia kutafuta pikipiki, wao wawili wakabaki wamesimama kando ya barabara, begi katikati yao.

"Kwa nini hukuniambia?" Nurdini aliuliza.

"Aliniomba nisiseme."

"Hata mimi?"

"Alisema hata mume wangu nisimwambie. Lakini ungeniuliza, nisingekudanganya. Ningekwambia nimekatazwa, ukajua kuna jambo."

Nurdini alichora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Basi sasa nakuuliza."

"Sasa unajua tayari, Nurdini. Ulitakiwa uniulize ukiwa hujui."

Aliinua uso kama mtu aliyepigwa kofi, akakuta mkewe hamwangalii. Alikuwa anaangalia barabara ya Nachingwea. Pikipiki zilikuja. Nurdini aliinama kuchukua begi, Nasma akaliwahi, akapanda nyuma ya dereva wa kwanza na kulipakata mwenyewe.

"Mimi nishushe sokoni Ruangwa," alimwambia dereva. "Nina meza yangu pale. Nyumbani nitakwenda jioni."